Maji ya Kupozea Maziwa Yasimwagwe

Bwana Mkulima, maziwa yatokapo kiweleni yana joto la digrii 38 hivi. Ukiyaacha na joto hilo, vijidudu vyake huzidi mara mbili kila nusu saa au hata upesi zaidi. Ndiyo sababu maziwa ya jioni, yanayolala yakingojea gari la asubuhi, ni shida. Mpokeaji huyachanganya kidogo na spiriti. Yakikatika vipande, unarudi nyumbani na mkebe wako, na siku hiyo hukuandikiwa senti.

Dawa yake waijua: simamisha mkebe katika birika la maji baridi, maji yapande juu kupita maziwa yaliyomo ndani. Lita 10 za maziwa zataka maji lita 30. Maji yakiwa na digrii 16, nawe ukikoroga maziwa kwa kikorogeo safi cha chuma, vyote viwili hukutana kwenye digrii 21 hivi. Ukibadili maji mara moja, maziwa hupoa zaidi.

Basi hapo ndipo wengi hukataa. Lita 60 ni madebe matatu ya lita 20, nayo yametoka mtoni kwa mgongo wa mtu. Mama akiona yakimwagwa uani ana haki ya kunung'unika.

Lakini maji hayo yamepata joto tu, hayakuharibika. Ng'ombe wa maziwa aghalabu hunywa lita 40 au zaidi kwa siku, na maji hayo utayateka utake usitake. Yapitishe kwanza kwenye mkebe, kisha umpe ng'ombe. Hutateka hata debe moja la ziada.

Jenga birika la simiti kivulini, mahali palipoinuka, na chini yake uweke kibomba chenye kizibo, ili maji yateremke yenyewe mpaka kwenye hori. Ng'ombe asinywe katika birika lenyewe, maana mate yake yatachafua mkebe. Osha mkebe kwa nje kabla ya kuutia majini. Maziwa yakimwagikia humo, maji hayo yapeleke kwenye sukuma wiki siku hiyo hiyo, usiyaweke yakanuka.

Maji ya sabuni au ya dawa ya kuoshea mikebe ni mengine kabisa. Hayo ng'ombe asiyaguse. Yamwage penye majani ya nepia, mbali na kisima.