Pampu na Tanuri Katika Nyumba Moja

Alfajiri ya Januari 30, 2019, baridi ya Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Huko Minnesota, ambako Wakenya wengi wamehamia, hasa Brooklyn Park, nyumba nyingi hupashwa joto na tanuri la gesi. Siku hizi tanuri hilo linaanza kupata mwenzake: pampu ya joto, inayokaa nje kando ya ukuta.

Ukiitazama utadhani ni kiyoyozi, na ndivyo ilivyo, ila ina vali ya kugeuza mkondo. Kiangazi huchota joto ndani na kulimwaga nje; baridi ikiingia, vali inageuka na joto la nje linaingizwa ndani. Joto gani tena, na nje kuna theluji? R-410A, gesi ya kupoozea inayotumika katika mitambo mingi, huchemka kwenye nyuzi 51 hivi chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kwa kitu cha namna hiyo, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri bado ina joto la kutosha kukichemsha. Kompresa huibana gesi hiyo mpaka ipate moto, na feni husambaza joto vyumbani.

Kazi kubwa ya umeme hapa si kutengeneza joto bali kulihamisha. Ndiyo maana nje kukiwa na nyuzi 8, uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu za joto. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, pampu nzuri hubaki na mbili hivi. Inapungukiwa nguvu wakati uleule nyumba inapozihitaji zaidi, na hapo tanuri hupokea zamu.

Zamu hiyo ipokelewe kwenye nyuzi ngapi? Fundi huandika namba hiyo kwenye themostati siku anayofunga mtambo, nami naamini asiachiwe aichague peke yake, kwa kuwa jibu limo kwenye bili zako. Tuseme umeme ni senti 12 kwa uniti, na gesi ni dola 1.20 kwa themu. Themu moja ni sawa na uniti 29 hivi za nishati. Tanuri lenye ufanisi wa asilimia 95 litakupa karibu 28. Kwa hiyo uniti ya joto la gesi inakugharimu senti 4.3. Pampu itakuwa nafuu mradi kila uniti ya umeme ilete angalau uniti 2.8 za joto, na jedwali la mtengenezaji litakuonyesha kiwango hicho kinaishia kwenye baridi gani. Gesi ikipanda bei, iache pampu ifanye kazi hadi baridi kali zaidi.

Kwa kawaida viwili hivi havipashi joto kwa pamoja. Koili ya pampu hufungwa mbele ya tanuri, hewa ikishapita motoni, na hewa hiyo ya moto ingeupandisha mgandamizo wa gesi ya kupoozea kupita kiasi. Isipokuwa dakika chache za kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye mtambo wa nje: vali inageuka, joto linakwenda nje, mvuke mweupe unafuka juu ya mtambo, na tanuri linawaka ili vyumba visipulizwe baridi. Asiyejua akiuona mvuke ule anaweza kudhani ni moshi.

Jambo lingine linalowatia watu wasiwasi ni hewa yenyewe. Ya tanuri hutoka ikiwa na nyuzi 50 hivi; ya pampu mara nyingi ni 35, chini ya joto la mwili, kwa hiyo mkononi huhisika kama baridi hata nyumba inapopata joto. Usiikimbilie themostati. Na usishushe joto sana usiku, maana asubuhi themostati ikiona pengo kubwa huweza kuliita tanuri hata siku ambayo pampu ingetosha. Themostati pia ina mpangilio wa joto la dharura, ambao huizima pampu kabisa. Uwekee siku ambayo pampu imeharibika na fundi bado yuko njiani.