Mbwa mwoga apewe nafasi ya kukataa

Chama cha kulinda na kutunza wanyama cha Kenya, KSPCA, kina kituo Karen, jijini Nairobi, ambako mbwa waliotupwa, waliopotea na walioteswa hutunzwa hadi wapate makao mapya. Anayemchukua mbwa wa namna hiyo huwa na nia njema, na mara nyingi ni nia hiyo hiyo inayomponza. Mbwa akishushwa garini, watoto wanamzingira, mwenye nyumba anampapasa kichwa, majirani wanaitwa waje kumwona. Mbwa anafyata mkia na kujibanza chini ya meza, nao waliomzunguka wanasema hana shukrani. Wiki haijaisha, anavutwa kwa mnyororo atoke nje ili azoee. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mbwa mwoga humwamini binadamu pale anapogundua kwamba akikataa jambo, kukataa kwake kunaheshimiwa. Chakula, upole na muda ni vya lazima, lakini pasipo nafasi hiyo ya kukataa havifiki mbali.

Tuanze na chanzo cha uoga wenyewe. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kweli wapo mbwa wanaoruka wakiona fimbo kwa sababu walipigwa. Lakini wapo wengine ambao hawajawahi kuguswa na mkono mbaya. Mwaka 1961, watafiti Freedman, King na Elliot wa Marekani walieleza jinsi walivyolea watoto wa mbwa bila kuwakutanisha na watu, kisha wakawazoesha katika umri tofauti. Waliokutana na binadamu kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki 14 walibaki kumkwepa na kumhofia. Mbwa aliyezaliwa vichakani au jalalani anaweza kuwa katika hali hiyo. Kwake, mkono unaonyoshwa kumpapasa ni kitu kigeni kinachomjia juu ya kichwa. Kuuliza nani alimtesa hakutusaidii sana. Swali lenye manufaa ni nini kinachomtisha leo.

Ushahidi wenye uzito zaidi kuhusu nafasi ya kuchagua ulipatikana kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapa mbwa mshtuko wa umeme. Kundi moja liliweza kuuzima kwa kusukuma kibao kwa kichwa; kundi la pili lilipata mshtuko ule ule, kwa kiasi kile kile, ila hakuna walichofanya kilichousimamisha. Baadaye wote waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kulitosha kujiokoa. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini na kuvumilia. Mwaka 2016 wataalamu hao hao waliipitia upya hoja yao kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa, wakatazama utafiti wa ubongo na kuhitimisha kwamba kukata tamaa ndiko mwili huanza nako mateso yanapozidi. Kinachojifunzwa ni kujua kwamba unaweza kuyabadili. Kwa hiyo mbwa anayeganda tuli huku akipapaswa huenda hajatulia hata kidogo. Huenda amekata tamaa tu, na anayeshangilia kwamba amezoea anajidanganya.

Nyumbani, kumpa mbwa uwezo huo ni kazi ya vitendo vidogo. Awe na kona yake, sanduku au chumba kimoja, na akiingia humo asifuatwe na mtu, watoto wakiwemo. Geti na milango ifungwe vizuri, maana mbwa mwoga akitoroka siku za mwanzo ni vigumu kumpata. Anayetaka urafiki naye akae chini, ubavu ukimwelekea, asimkodolee macho, amrushie kipande cha nyama au dagaa kisha amwache aamue kama atasogea. Akisogea, akunwe kifuani kwa sekunde chache, halafu mkono uondolewe. Akiusogelea tena, amekubali. Akigeuza uso, akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi au akionyesha weupe wa jicho, amekataa, na mkono ubaki mbali. Daktari wa mifugo naye amwone mapema, kwani jino bovu au kiungo kinachouma huweza kumfanya mbwa aogope kuguswa.

Wapo watakaosema huku ni kumdekeza, na kwamba mbwa anahitaji adabu. Hoja hiyo haipati nguvu katika utafiti. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walilinganisha mbwa 92 kutoka shule za mafunzo, wakaona kwamba waliofunzwa kwa kukaripiwa na kuumizwa walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya kotisoli ilipanda zaidi baada ya mafunzo. Aidha, uoga ni hisia, na kumlisha mbwa aliyeogopa hakuukuzi. Anayemchapa mbwa kwa sababu amenguruma anajiletea hatari kubwa zaidi: ameiziba sauti ya kukataa, na mbwa asiyeruhusiwa kunguruma huenda siku moja akauma bila onyo.

Pingamizi zito zaidi katika miji yetu ni la ulinzi. Wengi hufuga mbwa ili wezi waogope, wakiamini kwamba mbwa aliyefungwa mchana kutwa na asiyemzoea mtu ndiye mlinzi bora. Lakini mbwa anayeuma kwa hofu hachagui. Humuuma mwizi kama anavyomuuma mtoto aliyefuata mpira. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu husababishwa na mbwa, kwa hiyo kila jeraha la jino ni safari ya hospitali na gharama ya chanjo. Mbwa anayewaamini wenyeji wake bado hubweka mgeni akifika getini, tena anaweza kushikwa, kutibiwa na kuchanjwa kila mwaka bila vita.

Ni kweli pia kwamba si kila mbwa atapona kabisa. Wengine watahitaji dawa ya kupunguza wasiwasi kutoka kwa daktari, na wapo watakaomwamini mtu mmoja au wawili tu maisha yao yote. Hilo halibatilishi njia hii. Linatutaka tuwe wakweli kabla ya kumchukua mbwa. Asiyeweza kuishi miezi kadhaa na mbwa asiyetaka kuguswa achague mchangamfu, na hakuna aibu katika hilo. Aliye tayari, kazi yake ya kwanza ni kuwafunza watu wa nyumba yake kabla hajamfunza mbwa lolote: mbwa akigeuka kwenda zake, aachwe aende.