Steringi hafi: Bruce Lee bado anajaza vibanda umiza hadi Kisorya

KISORYA, MARA. UKITAKA kujua ukubwa wa staa, usihesabu makofi aliyopigiwa alipokuwa hai. Subiri miaka 50 baada ya kuzikwa kwake, halafu tafuta mtoto ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa siku ile. Kama mtoto huyo bado anaruka juu, anarusha teke na kutoa ule ukelele, basi huyo alikuwa staa kweli.

Kwa kipimo hicho, wanasoka wa kukaa meza moja na Bruce Lee ni wachache mno. Pele yupo. Maradona yupo. Baada ya hapo mtaanza kubishana.

Kinachoshangaza ni kwamba jamaa mwenyewe ametamba kwa kazi chache sana. Filamu za kung fu alizozimaliza akiwa steringi ni nne tu: The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon za 1972, na Enter the Dragon ya 1973. Hii ya mwisho hata hakuiona ikitamba Marekani, kwani alifariki Hong Kong Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32. Madaktari walisema ubongo ulivimba.

Kwa lugha ya mpira, ni mchezaji aliyecheza misimu miwili tu, akaacha jezi ambayo hadi leo inagombewa.

BANDA MOJA, MASTAA WAWILI

Kisorya ni pale ardhi ya Bunda inapoishia na maji ya Ziwa Victoria yanapoanza. Ukitaka kwenda Ukerewe, unasubiri kivuko hapa uvuke hadi Rugezi. Kuna wavuvi, wachuuzi wa dagaa, bodaboda, mama lishe na abiria wanaotazama ziwani kila dakika.

Kwenye mialo kama hii, burudani kubwa ni kibanda umiza. Mabati juu, mabenchi chini, runinga mbele na joto la watu waliobanana. Kiingilio ni jero, mechi ikiwa kubwa kinapanda hadi buku. Ligi Kuu ya England ikimalizika, mkanda unawekwa. Shabiki aliyekuwa anamtukana mwamuzi dakika tano zilizopita sasa anamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango.

Kuna jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Uvuvi wa dagaa unataka giza, maana dagaa wanavutwa na taa za wavuvi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa inapoteza nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo kalenda ya banda la mwaloni haifuati wikiendi peke yake, inafuata na mwezi. Usiku wa mbalamwezi ndio usiku wa mikanda.

Humo ndimo ilimokua lugha yetu ya filamu. Mhusika mkuu ni steringi. Mbaya wake ni adui. Na sheria ya kwanza ambayo kila mtoto anaijua kabla hajajua kuotea ni kwamba steringi hafi. Akipigwa risasi atainuka. Akitupwa mtoni ataibukia mbele.

Sheria hiyo ilinogeshwa na watafsiri kama Lufufu, ambaye sauti yake ilifanya mikanda ya nje izungumze Kiswahili cha mtaani. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, alitabiri. Alikuwa mtangazaji wa mechi ambayo wachezaji wake wanapigana.

ALIONEKANA KABLA YA WANASOKA

Hapa kuna hoja ambayo wapenda soka huwa hatuifikirii. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi mwaka 1994. Zanzibar walitangulia, wao walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa kizazi kizima cha bara, mpira mkubwa ulikuwa wa kusikiliza.

Simba ilipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, watu wengi wa mikoani waliiona kwa masikio, kupitia redio. Sunday Manara 'Computer' wa Yanga, mamilioni walimjua kwa sauti ya mtangazaji na picha ya gazeti. Pele naye alikuwa picha isiyotikisika.

Bruce Lee yeye alitikisika. Filamu za kung fu zilipoingia kwenye majumba ya sinema miaka ya 1970, vijana wa Dar es Salaam waliuona mwili wa staa wa dunia ukiwa kazini: namna anavyosimama, anavyopumua, anavyosogeza mguu wa nyuma kabla ya kupiga. Baadaye, miaka ya 1980, deki za video zikaipeleka picha ileile mikoani, kwa jenereta pale pasipo na umeme.

Ndiyo maana vijana wengi wa enzi hizo walianza kuiga mwanamichezo kwa macho kupitia yeye, kabla hawajamwiga winga yeyote. Madarasa ya kareti nayo yakapata wateja. Pale Zanaki, Dar es Salaam, Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyehamia nchini, alijenga katika miaka hiyo shule ya Goju-Ryu iliyozaa walimu wengi wa mchezo huo.

Filamu zetu zikafuata. Jimmy Mponda 'J Plus' aliingiza mapigano kwenye Bongo Movie kupitia Misukosuko. Jirani zetu Uganda, kule Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na mpiganaji wake mkuu anaitwa Bruce U. Jina la pili tu limebadilishwa, heshima imebaki palepale.

KIWANDA CHA BARAFU

Kwa nini yeye, wakati wapiganaji walikuwa wengi? Jibu liko kwenye hadithi zenyewe.

Kwenye The Big Boss, steringi ni kijana wa kuja, anatafuta riziki ugenini kwenye kiwanda cha barafu. Amemwahidi mama yake kwamba hatapigana. Wenzake wanaanza kupotea mmoja mmoja, kwa sababu ndani ya barafu mnafichwa dawa za kulevya na bosi hataki ijulikane. Anavumilia, anavumilia, mwisho uvumilivu unakatika.

Muulize mtu wa ukanda wa ziwa kama hadithi hiyo ni ya Wachina. Barafu ndiyo inayombeba sangara kutoka mwaloni hadi kiwandani. Kijana aliyeacha kwao kufuata kazi ya ziwani, anayelala kambini na kumtegemea mwenye mtumbwi kwa kila kitu, anamwelewa yule steringi bila kusoma maandishi ya chini.

Kwenye Fist of Fury, anavunja kwa teke kibao cha bustani ya Shanghai kinachowakataza Wachina na mbwa kuingia. Watazamaji wa nchi zilizotoka kwenye ukoloni juzi tu hawakuhitaji mtafsiri pale. Kelele walizopiga zilikuwa za goli la dakika ya 90.

Na mwili wake haukuwa wa kutisha. Urefu wa kama sentimita 172, uzito wa kilo sitini na kitu. Alikuwa mtu wa kawaida anayewazidi wakubwa kwa kasi na akili. Mashabiki wa Lionel Messi mnaijua raha hiyo.

ALIBADILI MFUMO KIPINDI CHA PILI

Kama wewe ni kocha, tafuta pambano la The Way of the Dragon pale Colosseum, Roma, dhidi ya Chuck Norris. Litazame kama mechi.

Mwanzo anapigwa. Anakwenda kwa mtindo alioanza nao, na mwenzake mwenye mwili mkubwa anamsoma. Anaanguka. Halafu anafanya kinachowashinda makocha wengi: anabadili mfumo mechi ikiendelea. Anaanza kurukaruka kwa vidole vya miguu, anaingia na kutoka, anamfanya mwenzake apige hewa hadi achoke. Mwisho anamaliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa falsafa yake. Alianza na Wing Chun kwa mwalimu Ip Man, kisha akachukua vitu kwenye ndondi na hata kwenye mchezo wa vitara, akajenga njia yake aliyoiita Jeet Kune Do. Alifundisha kwamba mpiganaji awe kama maji, afuate umbo la chombo alichomo.

Na baada ya kumuua adui yake pale Roma, anarudi na kumfunika kwa vazi lake la mchezo. Hakuna kushangilia. Wangapi leo wanafunga goli la tatu na kwenda kuwazomea mashabiki wa upande wa pili?

CANTONA, ZLATAN NA SANAMU

Soka nalo limekula kwenye sahani yake. Januari 25, 1995, Eric Cantona wa Manchester United alipotolewa kwa kadi nyekundu pale Selhurst Park na kumrukia shabiki kwa teke, dunia nzima iliita lile ni teke la kung fu. Alifungiwa miezi minane.

Upande mzuri yupo Zlatan Ibrahimovic, aliyejifunza taekwondo tangu akiwa dogo huko Malmö. Goli lake la kisigino dhidi ya Italia kwenye Euro 2004, na ile tiktaka ya mbali dhidi ya England Novemba 2012, ni miguu iliyofundishwa kufika mahali ambapo mabeki hawategemei.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote kipo Mostar, Bosnia. Mji ule uligawanywa na vita ya miaka ya 1990, na hata mpira wake umegawanyika: Zrinjski upande mmoja, Velez upande wa pili. Walipotaka shujaa ambaye pande zote zinampenda, walikosa mwanasiasa na walikosa mwanasoka. Novemba 26, 2005, wakazindua sanamu ya Bruce Lee, siku moja kabla Hong Kong haijazindua ya kwake. Fikiria mtu anayeweza kuwakalisha Simba na Yanga benchi moja bila askari katikati.

Kama ilivyo kwa jezi, feki hazikukosa. Baada ya kifo chake waliibuka akina Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee, na vibanda vingi vimewauza kama mwenyewe. Hata Game of Death ya 1978, yenye ile suti ya njano na pambano na nyota wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar, ilimaliziwa na watu waliomfanana. Shabiki wa banda alikuwa anang'amua mapema. Akikosa ile kasi, anadai hela yake.

TEKE SI URITHI WOTE

Sasa tuseme ukweli. Kwenye viwanja vyetu vya mchanga, watoto wengi wamerithi teke peke yake. Wanaruka na miguu miwili kumfuata mwenzao mwenye mpira. Bandani hilo ni pigo la steringi. Uwanjani ni kadi nyekundu, na kwa mtoto asiye na bima wala zahanati ya karibu, linaweza kuwa mwisho wa mpira wa mtu.

Mguu ukipanda karibu na uso wa mwenzako, hata usipomgusa, Sheria ya 12 inakuhesabia mchezo wa hatari. Mkanda hausemi hayo. Anatakiwa aseme mwalimu, na mwalimu ndiye anayekosekana viwanja vingi.

Mara haina ukame wa vipaji. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na 2021 ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Vijana wa ziwani wanaovuta nyavu na kupiga kasia wana mabega na mapafu ambayo klabu za mjini zinayatafuta kwa gharama.

Wanachohitaji kuambiwa ni kile ambacho kamera haikuonyesha. Mwaka 1970 Bruce Lee aliumia vibaya mgongo akifanya mazoezi ya vyuma, akakaa miezi bila kufanya mazoezi, na akaambiwa asitegemee tena kurusha mateke. Aliutumia muda ule kusoma na kuandika kuhusu mapigano. Filamu zote nne zilizompa jina alizifanya baada ya hapo.

Kwa hiyo dogo wa Kisorya anayemaliza mkanda usiku na kesho yake alfajiri akakimbia ufukweni, akanyoosha misuli na kupiga mpira ukutani mara mia kwa mguu wake dhaifu, huyo ndiye aliyemwelewa jamaa. Aliyeondoka na ukelele tu, ameondoka na kiingilio cha jero.

Steringi hafi, wanasema bandani. Ni kweli, ila anaishi kwa miguu ya wanaofanya mazoezi.