Utangulizi: Njia Bapa za Mawimbi kwenye Bodi ya Saketi

Umeme wa nyumbani, wa hezi 50, una wimbi lenye urefu wa takriban kilomita 6,000. Ndiyo maana fundi wa taa hana haja ya kuhangaikia umbo la waya. Katika gigahezi 2.4, masafa ya Wi-Fi, urefu wa wimbi hewani ni sentimita 12.5 tu, na kwenye bodi ya kawaida ya FR-4 hufupika hadi karibu sentimita 7. Hapo utepe wa shaba wa sentimita mbili umeshapita robo ya wimbi, nao huathiri saketi sawa na kipuri chochote ulichokichomelea.

Tangu mwanzo, msomaji, ningependa ushike jambo moja: nishati husafiri katika uga wa umeme na sumaku ulio kati ya utepe na bapa la ethi lililo chini yake. Shaba ni kingo za mfereji. Maji yenyewe ni uga. Katika gigahezi 1, mkondo hupenya shaba kwa mikromita mbili hivi, ilhali shaba ya bodi kwa kawaida ina unene wa mikromita 35.

Ukilielewa hilo, kanuni nyingi hujieleza zenyewe. Ukipanua utepe, kapasitansi huongezeka na impidansi hushuka. Ukinenepesha kihami, impidansi hupanda. Kwenye FR-4 ya milimita 1.6, utepe wa milimita 3 hivi hukupa omu 50. Upana ukibadilika ghafla, sehemu ya wimbi hurudi ilikotoka. Ukikata bapa la ethi chini ya utepe, mkondo wa kurudi hulazimika kuzunguka, na saketi huanza kuvujisha mawimbi. Kwa hiyo lichore bapa la ethi kwa uangalifu uleule unaoupa utepe.

Wahandisi wamekunja uga huu kwa namna mbalimbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Robert Barrett wa Marekani alieneza utepe uliobanwa kati ya mabapa mawili. Mwaka 1952, Grieg na Engelmann walieleza maikrostripu, yenye bapa moja tu: rahisi kutengeneza, ila uga wake hugawanyika kati ya hewa na kihami, na hesabu zake huwa ngumu zaidi. Mwaka 1969, Cheng P. Wen aliweka ethi pande zote mbili za utepe, juu ya uso uleule wa bodi.

Leo programu hukokotoa upana kwa sekunde. Lakini programu hupokea takwimu unazoipa, na kipimo cha kihami cha FR-4 hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Anayeuelewa uga ndiye hutambua jibu lisiloaminika.

Karibu. Algebra na fizikia ya sekondari vinatosha kuanzia. Sura ya kwanza inakutaka ukokotoe utepe wa omu 50, uuchonge, kisha uupime.