Mwachano wa Rimu na Gari la Umeme Mitaani Eastlands

Makala haya yananuia kufafanua jambo ambalo vijana wa Buruburu, Umoja na Kayole hulizungumzia mara kwa mara bila kulitaja kwa jina maalumu: umbali uliopo baina ya kitako cha rimu na mstari wa kati wa upana wake. Kitako ni ule uso unaoegemea habu na kukazwa kwa nati. Umbali huo huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET, ufupisho wa neno la Kijerumani Einpresstiefe, zikifuatwa na idadi ya milimita. Hapa tutauita mwachano, hadi wanaistilahi watupe neno bora.

Matatu za Eastlands zimeyazoeza macho yetu kupenda gurudumu lililochomoza nje ya bodi, na si ajabu mwenye gari la umeme naye akatamani umbo hilo. Hebu tuchukue Nissan Leaf, gari lililotumiwa na teksi za NopeaRide zilizoanza Nairobi mwaka 2018 na kufunga shughuli mwaka 2022. Rimu yake ya inchi 16 ina upana wa inchi 6.5, matundu 5 ya nati kwenye duara la milimita 114.3, na mwachano wa milimita 40. Tuseme mnunuzi anaonyeshwa rimu ya mtumba katika Barabara ya Kirinyaga (Grogan ya wazee wetu), yenye upana wa inchi 8 na ET20. Matundu yanaoana, muuzaji anasema, "Inaingia." Naam, inaingia. Lakini ukingo wake wa nje utatokeza takriban milimita 39 zaidi: 19 zatokana na upana ulioongezeka, 20 na mwachano uliopungua. Kadiri ET inavyopungua ndivyo gurudumu linavyosukumwa nje. Ikizidi mno, tairi huisogelea springi kwa ndani.

Gurudumu likichomoza hivyo, uzito hushuka mbali na beringi, nayo huelemewa kama mtu abebaye ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Usukani huvutwa na kila shimo. Abiria wakijaa, tairi husugua madigadi kwenye kila tuta.

Gari la umeme huongeza ugumu. Betri iliyolazwa chini ya sakafu hulifanya Leaf kuwa na kilo 1,500 hivi likiwa tupu, uzito unaoyapita magari mengi ya petroli ya ukubwa wake. Kwa hiyo kila rimu sharti iweze kuhimili angalau nusu ya mzigo wa juu ulioruhusiwa kwa ekseli yake. Aidha, tairi pana hula chaji, na kwa anayeishi ghorofa ya nne Umoja, asiye na pa kuchajia nyumbani, kila kilomita inayopotea ina uzito wake.

Kwa maoni yangu, upana usizidi inchi 7, na ET isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya milimita 5. Tundu la kati la Leaf ni milimita 66.1, rimu yenye tundu kubwa zaidi huhitaji pete ya kuziba nafasi hiyo.

Kama maandishi yamefunikwa na rangi, ilaze rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya ukingo wa nyuma, kisha upime kutoka kwenye rula hadi kwenye kitako. Toa nusu ya upana mzima wa rimu, ukingo hadi ukingo. Kinachosalia ndicho mwachano.