Fahamu: Mafunjo ya Bonde la Kagera
Mto Kagera, ambao ndio mkubwa kupita mito yote imiminayo maji katika Ziwa Victoria, ufikapo magharibi ya mji wa Kayanga, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, hupunguza kasi, hutapakaa bondeni na kuacha mabwawa yenye mafunjo marefu kuliko mtu, ambamo nzohe, swala mwenye kwato ndefu zimfaazo matopeni, hujisetiri, na viboko, mamba, kambare na ndege wasiokaa ila penye mafunjo hupata riziki zao. Mafunjo hayo hayo huzuia tope na kusafisha maji.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika, yaliyo upande huu wa bonde, yalifanywa hifadhi za taifa. Uamuzi wa hekima kabisa. Lakini sehemu ya bonde isiyomo hifadhini ni amana yetu sote: tusiyachome mafunjo, wala tusilime hadi ukingoni.