Namba ya NIDA na Pingili za Mwanzi

Msomaji anayejifunza kutengeneza programu huko Kihesa, Iringa, ameniuliza: "Dada, nimeingiza namba za NIDA kwenye programu yangu ya JavaScript. Mbona tarakimu tatu za mwisho zinageuka sifuri?"

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa. Namba ya kawaida ya JavaScript ni ya kuaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu; ikifikia ukubwa wa NIDA hurukaruka kwa hatua za 4,096. Tukimbilie kisanduku cha biti 64? Ukomo wake ni 18,446,744,073,709,551,615. Tazama tarakimu nne za mwanzo: 1844. Hata Chifu Mkwawa, anayekadiriwa kuzaliwa 1855, asingeenea humo!

Dawa ni maktaba za namba ndefu, kama GMP iliyotoka mwaka 1991. Hizi huikata namba vipande. Wapo wanaokiita kipande hicho kiungo, lakini neno hilo limeshachoka kwa kazi, mwilini hadi kwenye pilau. Mimi nasema pingili, kama ya mwanzi.

Na Iringa mwanzi ni mwalimu. Mbeta ya kukingia ulanzi, pombe ya mwanzi, si ni pingili? Zipange kutoka kulia kwenda kushoto, kila moja ibebe tarakimu tisa. Dondosha 1 kwenye mbeta yenye 999,999,999: inafurika, inabaki tupu, na tone moja linaingia mbeta ya kushoto. Tone hilo sasa lina thamani ya bilioni. Nayo ikiwa imejaa, inafurika vilevile, na tone linazidi kusafiri. Likifika mwisho wa safu, mgema hamwagi ulanzi. Anafunga mbeta nyingine. Ni hesabu ileile ya shuleni: andika sifuri, peleka moja mbele. Kwa namba ya NIDA, mbeta 3 zinatosha. Namba iliyo kwenye ufunguo wa kufichia siri wa RSA wa biti 2,048, yenye tarakimu 617, inataka 69, na kanuni haibadiliki hata kidogo.

Katika JavaScript safu nzima ya mbeta hizo inaitwa BigInt. Kama hujumlishi namba za NIDA, zihifadhi kama maandishi. Ukitaka kuzipigia hesabu, zitoe kwenye maandishi uzitie kwenye BigInt moja kwa moja, bila kuzipitisha kwenye namba ya kawaida, maana tarakimu ikishageuka sifuri hairudi.